Bili Imefika Mezani: Jinsi ya Kukokotoa Bakshishi na Kugawana Malipo Bila Kupunjana

Marafiki watano wakichanga fedha za chakula na jumla ikapungua, mara nyingi hakuna aliyedanganya. Kila mmoja ametazama bei ya alichoagiza kwenye menyu, akatoa kiasi hicho, akatulia. Kilichosahaulika ni kodi, ada ya huduma, lile sinia lililoliwa na wote, na bakshishi. Pengo hilo lazima lizibwe na mtu. Kwa kawaida huziba aliyeshika bili, anayeongeza zake kimyakimya, au mhudumu, ambaye bakshishi yake hupunguzwa ili jumla itimie. Wote wawili hawastahili, na dawa yake ni hesabu ya dakika mbili.

Tarakimu za hapa hazina jina la sarafu. Hesabu ni ile ile kwa fedha yoyote.

Yanayosemwa kabla ya kuagiza

Kuna njia tatu za kugawana: sawa kwa sawa, kila mtu alicholipia tumbo lake, au mchanganyiko, yaani vya pamoja vinagawanywa na vya mtu binafsi vinabaki vyake. Chagueni moja kabla mhudumu hajachukua oda. Mtu akijua kwamba mnagawana sawa, anaagiza akijua; akijua kwamba kila mtu na chake, anaagiza akijua pia. Ugomvi huzaliwa pale mmoja alipoagiza kwa kujibana kisha bili ikaja kugawanywa sawa.

Anayefaa kulitaja jambo hili kwanza ni yule anayetarajia kuagiza zaidi. Mwenye bajeti ndogo huona haya kusema, na akikaa kimya ndiye atakayeumia. Neno moja linatosha: "Mimi nitaagiza vingi kuliko wenzangu, basi kila mtu alipe chake."

Mkitaka bili tofauti kwa kila mtu, mwambieni mhudumu mwanzoni. Oda nyingi huingizwa kwa namba ya meza, na kuzichambua mwishoni kunamlazimu mhudumu kukumbuka nani alikula nini huku meza nyingine zikimsubiri. Sehemu nyingine hazikubali kabisa kutenganisha baada ya bili kuchapishwa.

Soma bili kabla ya kutoa pochi

Bili ina ngazi. Juu kuna vitu vilivyoagizwa, idadi na bei. Chini yake kuna jumla ya vitu, kisha punguzo kama lipo, kisha kodi, kisha ada ya huduma kama inatozwa, na mwisho jumla kuu. Pitisha kidole kwenye kila mstari. Makosa yanayojirudia ni matatu: kitu kilichoagizwa kikafutwa lakini kikabaki kwenye mashine, kitu kimoja kilichoingizwa mara mbili, na oda ya meza ya jirani kuingia kwenye yenu. Rekebisheni hayo kwanza. Mkishagawana, kosa moja linalazimu hesabu nzima irudiwe.

Kisha tafuta majibu ya maswali mawili.

La kwanza, je, kodi imo ndani ya bei au imeongezwa chini? Kama mistari ya vitu ikijumlishwa inatoa jumla kuu moja kwa moja, na kodi imeandikwa pembeni kama taarifa tu, basi imo ndani. Ukitaka kujua bei kabla ya kodi, usikokotoe asilimia ya jumla kisha ukaitoa. Gawanya. Tuseme kodi ni asilimia 18 na jumla ni 118,000: unagawanya kwa 1.18, unapata 100,000, na kodi ni 18,000. Ukichukua asilimia 18 ya 118,000 unapata 21,240, ambayo si sahihi, kwa sababu kodi ilihesabiwa juu ya 100,000 wala si juu ya 118,000.

La pili, je, ada ya huduma imeshatozwa? Mstari huu ndio unaowafanya watu walipe bakshishi mara mbili bila kujua. Kama mlikusudia kutoa asilimia 15 na bili tayari ina ada ya asilimia 10, iliyobaki ni 5 tu. Ila ada ya huduma si lazima iende kwa aliyewahudumia; sehemu nyingine hubaki kwa mwenye biashara. Muulize mhudumu mwenyewe kwa upole: "Hii ada ya huduma inakufikia?" Jibu lake litawaongoza kama muongeze kitu mkononi mwake au la.

Asilimia bila kikokotoo

Kiwango cha bakshishi hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, na kuna mahali haitolewi kabisa. Ukiwa mgeni, ulizia wenyeji mapema, usisubiri bili. Ukishajua asilimia, hesabu yake inafanyika kichwani, na kila kitu kinaanzia kwenye asilimia 10.

Chukua jumla ya vitu 104,000. Asilimia 10 ni kusogeza nukta hatua moja: 10,400. Asilimia 5 ni nusu ya hiyo: 5,200. Asilimia 15 ni hizo mbili pamoja: 15,600. Asilimia 20 ni ile ya 10 mara mbili: 20,800. Asilimia 18 inawatisha wengi, lakini ni asilimia 20 ukipunguza sehemu yake ya kumi: 20,800 toa 2,080, unabaki na 18,720. Asilimia 12.5 ni kugawanya kwa nane: 13,000.

Bili ikiwa na tarakimu zisizonyooka, mfano 87,350, izungushe kwanza. Ifanye 87,000: asilimia 10 ni 8,700, nusu yake 4,350, na asilimia 15 ni 13,050. Jibu kamili ni 13,102.50. Tofauti ya hamsini na kitu haistahili kuwachelewesha.

Ukitumia kikokotoo cha simu, jihadhari na kitufe cha asilimia, maana hakifanyi kazi sawasawa kwenye vikokotoo vyote. Salama zaidi ni kuzidisha: kwa kuongeza asilimia 15 zidisha kwa 1.15, kwa asilimia 10 zidisha kwa 1.1, kwa asilimia 8 zidisha kwa 1.08. Hiyo ya 8 ndiyo hukosewa sana. Mtu huandika 1.8 na bili inakaribia kuwa maradufu.

Asilimia ya nini? Hapa msimamo wetu ni huu: bakshishi ikokotolewe juu ya jumla ya vitu kabla ya kodi, na kabla ya punguzo. Kodi si kazi ya mhudumu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuilipia bakshishi. Punguzo nalo halikumpunguzia kazi. Alibeba sahani zile zile na kuja mezani mara zile zile. Ukipewa nusu bei, mpe bakshishi ya bei kamili.

Mashine ya kadi inayokuonyesha vitufe vya asilimia mara nyingi huchukua jumla kuu, kodi ikiwa ndani. Kwenye 104,000 yenye kodi ya asilimia 10, jumla ni 114,400, na asilimia 15 ya hiyo ni 17,160 badala ya 15,600. Tofauti ni 1,560. Si dhambi kuitoa, lakini itoe kwa kukusudia. Mashine nyingi zina kitufe cha kuandika kiasi chako mwenyewe.

Kizidisho: namba moja inayomaliza kila kitu

Watu wengi hukwama wakijaribu kugawa kodi peke yake, ada peke yake, bakshishi peke yake. Hakuna haja. Amueni jumla ya mwisho itakayotoka mezani, bakshishi ikiwa ndani, kisha mgawanye kwa jumla ya bei za vitu. Namba inayopatikana ndiyo kizidisho. Kila mtu anazidisha bei ya vyake kwa namba hiyo, na kodi, ada, bakshishi, hata punguzo, vyote vinakuwa vimegawanyika kwa haki.

Tuwachukue Asha, Baraka, Chiku, Daudi na Eliza. Walivyoagiza binafsi: Asha 14,000, Baraka 22,000, Chiku 9,500, Daudi 18,500, Eliza 12,000. Kulikuwa na sinia la 16,000 ambalo Chiku hakuligusa, basi linagawanywa kwa wanne, 4,000 kila mmoja. Kulikuwa na chupa ya 12,000 waliyokunywa Baraka na Daudi tu, 6,000 kila mmoja.

Ukiongeza vya pamoja kwa kila anayehusika:

Asha 18,000
Baraka 32,000
Chiku 9,500
Daudi 28,500
Eliza 16,000

Jumla ni 104,000, na ni lazima ilingane na jumla ya vitu kwenye bili. Isipolingana, simama hapo hapo. Kuna kitu hakina mwenyewe, kwa kawaida maji au kinywaji cha pili ambacho aliyekiagiza amekisahau.

Kodi ya asilimia 10 ni 10,400. Bakshishi ya asilimia 15 juu ya 104,000 ni 15,600. Jumla ya mwisho ni 130,000. Gawanya 130,000 kwa 104,000: kizidisho ni 1.25.

Asha analipa 22,500, Baraka 40,000, Chiku 11,875, Daudi 35,625, Eliza 20,000. Jumlisha: 130,000 kamili.

Sasa linganisha na kugawana sawa, ambako kila mmoja angetoa 26,000. Chiku angelipa 14,125 zaidi ya haki yake, zaidi ya mara mbili ya alichokula. Baraka angepunguziwa 14,000. Ndiyo maana kugawana sawa tunakupendekeza pale tu ambapo anayeagiza kidogo na anayeagiza kingi hawajaachana mbali. Kipimo chepesi: kama mwenye oda ndogo kabisa hafikii hata nusu ya mwenye oda kubwa kabisa, tumieni kizidisho. Mkiwa mmeagiza vinavyokaribiana, gawaneni sawa na msichoshane.

Na kama kila mmoja angetoa bei ya menyu ya alichoagiza binafsi tu? Mezani zingekuwepo 76,000 dhidi ya 130,000. Pengo ni 54,000. Hilo ndilo pengo ambalo kila mtu hushangaa limetoka wapi.

Bei zikiwa na kodi ndani, njia haibadiliki: jumla ya mwisho gawanya kwa jumla ya bei za menyu. Kukiwa na punguzo la 13,000 lililotolewa kwenye jumla kuu, jumla ya mwisho inakuwa 117,000, na kizidisho kinashuka hadi 1.125, kila mtu amefaidi kulingana na alichoagiza. Lakini tofautisha punguzo na kadi ya zawadi. Punguzo la mgahawa ni la meza nzima. Kadi ya zawadi iliyonunuliwa au kupewa mmoja wenu ni fedha yake, hivyo ihesabiwe kama sehemu ya malipo yake, isipunguze bili ya wote.

Kuzungusha na chenji

Hakuna anayetembea na 11,875 kamili. Zungusheni juu, kamwe msizungushe chini. Kwa kufuata mia tano ya juu, watano wetu wanatoa 22,500, 40,000, 12,000, 36,000 na 20,000, jumla 130,500. Hizo 500 za ziada ziende kwa mhudumu. Mkizungusha chini, kila mmoja ataona amepunguza kidogo tu, na vidogo hivyo vikikutana vinaila bakshishi.

Mnapochanga fedha taslimu, mtu mmoja ashike na ahesabu kwa sauti, huku akitaja jina na kiasi. Chenji itolewe pale pale kutoka kwenye rundo, si "nitakupa nje". Aliyeweka noti kubwa na kuchukua chenji mwenyewe bila kutaja ndiye chanzo cha nusu ya mikanganyiko ya mezani, hata kama alikuwa sahihi.

Bakshishi itenganisheni na malipo ya bili, na mpeni mhudumu mkononi, mkimwambia ni yake. Fedha iliyoachwa chini ya sahani inaweza kuchukuliwa na anayesafisha meza, au hata kuingizwa kwenye malipo ya bili. Mkilipa kila mmoja kwa kadi yake, kubalianeni kwanza nani anaongeza bakshishi: ama kila mtu kwenye kiasi chake, ama mmoja kwa niaba ya wote. Bila makubaliano hayo, wawili wataongeza ya meza nzima na watatu hawataongeza kitu.

Mgeni wa heshima, watoto, na anayeondoka mapema

Mkimlipia mtu, mfano ni siku yake ya kuzaliwa, kuna njia mbili. Tuseme ni Eliza. Mnaweza kugawa 20,000 zake sawa kwa wanne, 5,000 kila mmoja: Asha 27,500, Baraka 45,000, Chiku 16,875, Daudi 40,625. Au mnaondoa 16,000 zake kwenye jumla ya vitu, na kizidisho kinakuwa 130,000 gawanya kwa 88,000, karibu 1.477; hapo Chiku anatoa takriban 14,034 na Baraka takriban 47,273. Tunapendelea njia ya kwanza. Zawadi kwa rafiki ni mchango wa wote kwa usawa, haihusiani na ukubwa wa sahani ya mtu. Ila Chiku aulizwe kwanza kama anaweza, na aulizwe pembeni.

Kwa meza yenye familia, tumieni mafungu. Mtu mzima ni fungu 1, mtoto ni nusu. Watu wazima 6 na watoto 3 ni mafungu 7.5. Bili ya 97,500 inakuwa 13,000 kwa fungu, na mtoto 6,500. Wazazi wawili wenye mtoto mmoja wanalipa 32,500.

Anayeondoka kabla ya bili alipe kabla ya kunyanyuka. Kizidisho hakijulikani bado, lakini kinakadirika: jumlisha asilimia ya kodi, kama haimo ndani ya bei, na ya bakshishi. Kodi 10 na bakshishi 15 ni 1.25, aache kwa 1.3 ili kufidia vitu vya pamoja vitakavyoongezeka kabla hajaondoka. Vitakavyoagizwa baada yake havimhusu, na ni vyema mmoja aandike saa hiyo hiyo alichoacha.

Mmoja analipa, wengine wanamrudishia

Hii ndiyo njia ya haraka kwa mhudumu, na ndiyo yenye hatari kwa anayelipa. Piga picha ya risiti kabla haijapotea, kisha andika kwenye kundi lenu jina la kila mtu na kiasi chake mkiwa bado mmekaa. Kosa la kawaida hapa ni mlipaji kujisahau: wapo watano, yeye anagawanya kwa wanne kwa kuwa "ninaowadai" ni wanne, na bila kukusudia amekula bure. Gawanya kwa wote, nawe ukiwemo.

Ada ya kutuma fedha kwa simu au benki ni ya anayetuma. Aliyelipia meza nzima amekwisha kuwakopesha, asipokee pungufu. Ukidaiwa 20,000, hakikisha 20,000 inafika.

Usiku ukiwa na malipo zaidi ya moja, msitumiane ovyo kila bili peke yake. Tuseme Daudi alilipa 130,000 za chakula, na Asha alilipa 40,000 za usafiri wa wote, 8,000 kila mmoja. Kwa kila mtu, chukua alichotoa, toa alichopaswa kutoa:

Asha alitoa 40,000, alipaswa 30,500: anadai 9,500
Baraka hakutoa, alipaswa 48,000: anadaiwa 48,000
Chiku hakutoa, alipaswa 19,875: anadaiwa 19,875
Daudi alitoa 130,000, alipaswa 43,625: anadai 86,375
Eliza hakutoa, alipaswa 28,000: anadaiwa 28,000

Madai yanajumlika 95,875, na madeni pia 95,875. Mizani hiyo isiposimama, kuna kosa juu yake na hakuna anayetuma hata senti mpaka lipatikane. Ikisimama, Baraka anamtumia Daudi 48,000, Eliza anamtumia Daudi 28,000, Chiku anamtumia Daudi 10,375 na Asha 9,500. Miamala minne badala ya minane, ambayo ingehitajika kama kila bili ingelipwa peke yake. Kwa kundi la ukubwa wowote, miamala haihitaji kuzidi idadi ya watu ukitoa mmoja, kwa hiyo kwa watu wanane mtu akikuletea orodha ya kutumiana mara kumi na mbili, irudie hesabu kabla ya kulipia ada zisizo za lazima.

Tumianeni fedha usiku ule ule, au weka siku iliyotajwa. Anayekumbushia baada ya hapo ni vyema akumbushie kwenye kundi, akiweka upya orodha yote pamoja na picha ya risiti, badala ya kumwandama mmoja mmoja. Kila aliyelipa aweke alama mbele ya jina lake.